Mikono Yetu: Jipi ya zamani inapochemka njiani

Ninyi mnaofuata ukurasa huu mnajua kwamba mwezi kwa mwezi tunasema juu ya kazi ambazo mtu anaweza kuzifanya nyumbani kwa mikono yake. Tumekwisha kusema juu ya cherehani, juu ya jiko la makala, juu ya paa la mabati. Mwezi huu tunajibu barua ya kijana mmoja anayechimba upande wa Masisi.

Anaandika kwamba amefanya kazi miaka minne shimoni, akaweka akiba, na sasa amenunua Land Cruiser VX ya okaziyo, ya mwaka 1994. Viti ni vya ngozi, vioo vinashuka kwa umeme, hata baridi iko ndani. Lakini kila anapopanda mlima, mshale wa joto unapanda pamoja naye. Ameuliza mafundi watatu. Wa kwanza amesema atoe termostati na kuitupa. Wa pili amesema auze gari upesi. Wa tatu amesema anunue moteri nyingine. Anamaliza hivi: "Pasta, nifanye namna gani? Franga yangu yote iko mule."

Kijana wangu, usitupe kitu, usiuze, na usinunue moteri. Kwanza tuangalie pamoja. Nanyi vijana wengine mnaotamani jipi ya namna hii, sikieni neno moja kabla ya yote: gari ya wakubwa ikizeeka, bei yake inashuka, lakini bei ya piesi zake haishuki. Unainunua kwa bei ya maskini, unaitunza kwa bei ya tajiri. Mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda sana, na mwaka 2001 ikaanguka. Mtu aliyenunua gari wakati wa bei nzuri, wakati wa bei mbaya anakosa hata ya filtri. Basi ukinunua jipi, usimalize dola zote siku ile. Weka sehemu kando kwa ajili ya matengenezo.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, lipate kuwafundisha.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na jipi kama hiyo. Siku ya kufanya vidanje, fundi alinionyesha bushoni ya radiateri, maana yake kile kifuniko cha juu. Mpira wake wa ndani ulikuwa umekauka na kupasuka. Akasema, "Pasta, hii kitu iko bei ndogo. Ununue leo." Nikamjibu, "Tutaona mwisho wa mwezi." Mwisho wa mwezi ukafika, nikasahau.

Usiku mmoja nilikuwa mgeni katika kijiji kimoja karibu na Sake. Wakanigongea mlango: kuko mama ana uchungu wa kuzaa tangu asubuhi, na mtoto hatoki. Njia ya Goma ilikuwa imefungwa usiku ule. Kituo cha afya kilichobaki kilikuwa juu mlimani. Tukamlaza mama katika kiti cha nyuma, tukapanda. Katikati ya mlima nikaona mshale unapita nusu. Nikasema moyoni, "Bado kidogo." Ndugu zangu, hilo "bado kidogo" limeua moteri nyingi. Baada ya kona mbili, mvuke ukajaa mbele ya kioo, na gari ikazimika.

Wanaume wa kijiji cha jirani walitengeneza kipoyi, wakambeba mama yule kwa mabega yao gizani, muda wa saa mbili. Mimi nilifuata nyuma na tochi. Mtoto alizaliwa kabla ya kupambazuka, mzima, na mama yake mzima. Baba yake alinishukuru sana. Niliona haya, kwa maana aliyemfikisha si mimi, ni wale wanaume. Kisha nililipa zaidi ya dola 600 kutengeneza kulasi iliyopinda, kwa sababu ya bushoni ya dola chache.

Kwa nini bushoni ina nguvu hivi? Kina mama wanaelewa neno hili upesi. Mama anayepika maharagwe hapa kwetu anafunika sufuria na kuweka jiwe juu. Anajua kwamba huku milimani maji yanachemka upesi kabla hayajawa moto sana. Kule baharini maji yanachemka penye digri 100. Hapa Goma, metre karibu 1,500 juu ya bahari, yanachemka penye digri karibu 95, na ukifika metre 2,000, penye karibu 93. Bushoni nzima inafanya kazi ya lile jiwe. Inafunga maji kwa nguvu, nayo yanavumilia digri kama 20 zaidi kabla ya kuchemka. Ikipasuka, moteri inapanda Masisi kama sufuria isiyofunikwa.

Basi, kijana, ungoje gari ipoe kabisa, asubuhi kabla ya kuiwasha, na uangalie kwa utaratibu huu. Anza na kitu cha bei ndogo, ndipo uende kwenye kitu cha bei kubwa.

1. Bushoni. Mpira ukiwa mgumu au umepasuka, nunua nyingine yenye namba ile ile iliyoandikwa juu yake. Usifunge kwa kipande cha nailoni.

2. Matiyo ya maji na kolye zake. Bonyeza kila tiyo kwa vidole. Ikiwa laini sana kama ndizi iliyoiva, au ngumu na yenye nyufa, ibadilishe. Tafuta alama nyeupe au za kutu. Ndipo maji yanapotokea.

3. Uso wa radiateri. Vumbi la njia zetu na tope la migodini vinaziba nafasi za hewa. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, ukianzia upande wa moteri kwenda mbele, ili uchafu urudi ulikotoka. Nguvu nyingi inapinda zile sahani nyembamba. Usisahau radiateri ndogo ya baridi iliyo mbele yake. Wengi wanaosha ya mbele tu na kuacha matope katikati.

4. Vantilateri. Katika jipi hii haifungwi moja kwa moja na moteri. Katikati kuna kama kibuyu chenye mafuta mazito ya silikoni, ambayo yanaikamata wakati wa joto. Miaka ikipita yanavuja au yanachoka. Zima moteri ikiwa ya moto, weka ufunguo mfukoni, kisha zungusha panga kwa mkono. Ikikupinga kidogo, ni nzuri. Ikizunguka yenyewe mara nyingi kama baiskeli isiyo na mnyororo, imechoka. Angalia pia mkanda unaoizungusha.

5. Jointi ya kulasi, ile inayoziba kati ya kichwa cha moteri na tumbo lake. Moteri ikiwa baridi, fungua bushoni, jaza maji, washa, utazame. Mapovu yakitoka bila kukoma, au mafuta ya moteri yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukiendelea hata moteri ikipata moto, au maji yakipungua na huoni yanapovuja, hapo usiendeshe tena. Hiyo si kazi ya nyumbani. Ita fundi.

Na termostati? Ni mlango mdogo unaofunga maji wakati moteri ni baridi na kuyafungulia radiateri wakati wa moto. Ikikwama ikiwa imefungwa, gari itachemka, kweli. Lakini dawa yake ni kuweka nyingine. Ukiitoa na kuacha nafasi tupu, moteri inatembea baridi, inakula mazutu zaidi na kulika upesi, na kwa moteri nyingine maji yanapita njia ya mkato bila kufika radiateri. Kutaka kujua kama ni nzima, itie katika sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakikaribia kuchemka, utaiona inafunguka. Watoto wanapenda sana kutazama jaribio hili.

Sasa neno juu ya maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wa Goma tunajidanganya. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvi nyingi. Yakipata moto kila siku yanaacha ukoko ndani ya radiateri, kama ule mnaouona ndani ya birika. Wengine wanasema, "Basi tutatia ya mvua." Lakini moshi wa Nyiragongo unayatia maji ya mvua asidi, ndiyo sababu mabati yetu yanaliwa na kutu mapema. Tia likwidi ya radiateri, ile wanayoiita antijeli, pamoja na maji safi ya kiwanda yasiyo na chumvi, nusu kwa nusu. Usichanganye likwidi za namna mbili. Na ukitumwa kununua maji ya batri, soma vizuri, maana kuko chupa za maji matupu na kuko za asidi, na asidi itaharibu kila kitu. Ikiwa uko njiani na huna kingine, maji yoyote safi ni bora kuliko kukauka, lakini ukifika nyumbani, mwaga yote na usafishe.

Na ikiwa mshale unapanda ukiwa mlimani, fanya hivi. Zima baridi ya ndani, na washa hewa ya moto kwa nguvu zote, hata mkitoka jasho, kwani inavuta joto kutoka moteri. Simama mahali salama. Kama maji bado yako na hakuna mvuke, acha moteri inguruma polepole ipoe. Kama mvuke unatoka au mshale hauteremki, zima mara moja. Ngoja zaidi ya nusu saa. Usifungue bushoni ikiwa ya moto: nimeona uso wa shofere ulioungua, na sitausahau. Ikipoa, ifunike kwa kitambaa kinene, izungushe kidogo, mvuke utoke, ndipo uitoe. Tia maji polepole moteri ikiwa imewaka. Ukiyamwaga ya baridi yote kwa mara moja, kulasi inaweza kupasuka.

Kijana, umeuliza juu ya joto tu, lakini naongeza mambo mawili. La kwanza, jipi hizi za mazutu zina taa ndogo imeandikwa T-BELT. Inawaka kila kilometa 100,000 kukuambia mkanda wa distribisio umechoka. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni, na moteri inakufa. Wauzaji wengine wanazima taa hiyo bila kubadilisha mkanda. Kama huna hakika, ubadilishe sasa. La pili, ukinunua mazutu kwa kadafi wa kando ya njia, yaache yatulie katika bidoni, na kila juma fungua kizibo kilicho chini ya filtri, utoe maji yaliyojikusanya.

Andika kila kazi katika daftari: tarehe, kilometa, kitu kilichobadilishwa, bei. Mimi ninafanya hivyo tangu usiku ule. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari langu nimeandika "Tutaona mwisho wa mwezi", kisha nikapiga mstari juu yake.

Mwezi ujao tutasema juu ya freni wakati wa kuteremka. Leteni maulizo yenu kwa mtu anayewagawia gazeti hili. Nawe, kijana wa Masisi, anza na bushoni, kisha utuandikie umeona nini.