Dhahabu Hutaka Sonara

Msomaji kijana, leo nataka kugombana na fikira moja, na nakuomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujatoa hukumu. Fikira hiyo yasema kwamba mali ni kitu kilichofukiwa ardhini, na mwenye kukichimba amekwisha kutajirika. Imeenea katika Migori na Homa Bay, imeingia majumbani, na sasa yabisha hodi katika madarasa. Mimi nasema kuwa ni fikira ya uongo. Mali iliyo ardhini ni nusu tu ya mali. Nusu ya pili i kichwani na mikononi mwa mtu, na aliyepungukiwa na nusu hii ya pili huiuza ile ya kwanza kwa bei ya kutupa.

Tazama Migori. Dhahabu imechimbwa huko tangu zama za ukoloni. Pale Macalder, katika Nyatike, palikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu na shaba, nao ulifungwa mwaka 1966. Wenye mgodi waliondoka, lakini dhahabu haikuondoka yote, na wananchi waliendelea kuifuata kwa sururu na karai. Wanaume hushuka mashimoni kwa kamba na tochi, chini ya udongo ambao wakati wowote waweza kuporomoka. Wanawake huponda mawe na kuosha mchanga. Kisha huja zebaki. Unga wa mawe hukorogwa nayo, mara nyingi kwa mikono mitupu, kwa kuwa zebaki hushikamana na dhahabu na kuiacha takataka. Donge linalopatikana huchomwa motoni: zebaki hupaa kama moshi, dhahabu hubaki. Moshi ule ni sumu. Huharibu mishipa ya fahamu, huitetemesha mikono ya mtu mzima, na humdhuru mtoto aliye bado tumboni mwa mamaye. Zebaki inayomwagika hufuata maji. Mto Migori huingia katika mto Kuja, na Kuja huingia katika Ziwa Victoria, ziwa lile lile linalowalisha wavuvi wa Homa Bay.

Na baada ya taabu hiyo yote hupatikana nini? Chembe. Chembe huwekwa katika mizani ya dalali, fedha huhesabiwa, na chembe huenda zake. Bei yake hutangazwa mara mbili kwa siku katika London, na mchimbaji wa Nyatike haulizwi neno. Siku nyingine chembe ile hurudi Nairobi au Kisumu ikiwa pete katika kabati la kioo. Anayeinunua pete hulipa uzito wa dhahabu, na juu ya uzito hulipa kazi. Aliyeshuka shimoni alipata sehemu ya uzito. Katika malipo ya kazi hakupata hata senti moja.

Wala usidhani kazi hiyo ni ndogo. Gramu moja ya dhahabu ni ndogo kuliko punje ya hindi. Lakini yaweza kufuliwa hata ikawa karatasi nyembamba yenye eneo la karibu mita moja ya mraba, au ikavutwa kuwa uzi wa zaidi ya kilomita mbili. Haya yote yamo ndani ya ile chembe iliyouzwa kwa haraka. Hayatoki kwa sururu. Hutoka kwa nyundo, kwa moto mdogo, na kwa jicho lililofundishwa.

Sasa tazama pwani, uone mfano ulio kinyume. Lamu haina mgodi wa fedha, wala Unguja haina. Hata hivyo masonara wa pwani walijipatia sifa kwa vikuku, vipini, mikufu na hereni za fedha. Fedha yenyewe ilitoka ng'ambo. Nyingine ilikuwa reale zilizoletwa na wafanya biashara, nazo zikayeyushwa zikageuzwa mapambo. Watu wasio na madini walijulikana kwa ufundi, na sisi wenye madini twajulikana kwa mashimo. Je, jambo hili halikuchomi?

Huenda ukasema, ufundi wa chuma haukuwa wetu. Nenda basi Thimlich Ohinga, katika kaunti hiyo hiyo ya Migori. Kuta zake za mawe, zilizojengwa bila saruji wala udongo wa kugandisha, zina umri wa karne kadhaa, na mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta hapo mahali pa wahunzi. Waliosimamisha mawe yale walijua pia kuufanya moto uwatii. Tulicho nacho leo si upungufu wa asili, ni usahaulifu.

Nimesema juu ya zamani. Niseme sasa juu ya mtu wa siku zetu. Yuko Nairobi mbuni wa mapambo aitwaye Ami Doshi Shah, Mkenya mwenye asili ya Kihindi. Alijifunza usonara katika Birmingham, Uingereza, mji wenye sifa ya kale katika kazi za madini na vito. Lakini njia yake haikunyooka. Kwa miaka mingi aliajiriwa katika kazi ya matangazo ya biashara, ndipo baadaye akairudia meza ya sonara na kuanzisha kazi yake mwenyewe kwa jina la I.AM.I. Nalitaja jambo hili makusudi, ili usije ukadhani kuwa anayeiacha nyundo kwa ajili ya riziki amekwisha kuipoteza.

Mapambo yake si ya kujificha shingoni. Ni makubwa, yenye maumbo ya wazi, kama sanamu iliyopata mwili wa mtu wa kuegemea. Mwaka 2019 alitoa fungu la mapambo aliloliita kwa Kiingereza Salt of the Earth, yaani Chumvi ya Dunia. Vitu alivyotumia ni shaba ya manjano, kamba ya katani, na fuwele za chumvi. Chumvi na shaba haziishi kwa amani, kwa maana chumvi huila shaba na kuitia rangi ya kijani. Fundi mwoga angezitenga. Yeye alizikutanisha, ili mtazamaji akumbuke kwamba chumvi huhifadhi na huharibu, husafisha na hutafuna. Mwaka 2022 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, katika London, lilipofungua maonyesho ya mitindo ya Afrika, mapambo ya fungu hilo yaliwekwa humo, watu wa mataifa mengi wakaenda kuyatazama.

Fanya hesabu, msomaji. Katani, shaba, chumvi. Hakuna hata kimoja ambacho mwizi angekivunjia mlango. Lakini vilipopitia katika fikira na mikono ya fundi, vilivuka bahari vikiwa na jina la aliyevitengeneza na jina la nchi yake. Dhahabu ya Migori nayo huvuka bahari, lakini huvuka bila jina.

Na vitu hivyo viko wapi? Viko kwenu. Katani huota penye mawe na jua kali. Karibu na Kendu Bay, katika Homa Bay, kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo maji yake ni ya magadi. Pembe za ng'ombe hutupwa machinjioni. Ngozi ya sangara, ambayo zamani ilikuwa uchafu, imekwisha kusindikwa Kisumu ikawa ngozi ya mikoba. Gugu maji linalowasumbua wavuvi limesukwa likawa vikapu. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini macho nayo hufundishwa.

Najua yatakayosemwa kunipinga. Wa kwanza atasema: mapambo ni upuuzi, na watu wana njaa. Namjibu kwamba hakuna babu yetu aliyeona hivyo. Mzee wa Kijaluo aliyevaa kofia ya manyoya ya mbuni na meno ya kiboko hakuwa akicheza. Alikuwa akitangaza heshima yake mbele ya watu. Wakuria wa Migori walitanua ndewe za masikio na kuzivika mapambo mazito, na aliyewaona alijua ni watu gani. Tena, kama pambo ni upuuzi, ni nani anayeinunua dhahabu tunayoichimba, naye huitaka ya nini? Upuuzi ni kuhatarisha maisha kwa ajili ya kitu ambacho wewe mwenyewe wakiita upuuzi.

Wa pili atasema: kazi ya mikono ni ya walioshindwa mitihani. Huyu namwonea huruma. Sonara asiyejua hesabu hawezi kueleza kwa nini dhahabu ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu katika 24. Asiyejua kemia ataungua kwa asidi. Asiyejua historia ataiga maumbo ya wengine maisha yake yote. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeiweka sanaa kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu, pamoja na sayansi na elimu ya jamii. Serikali imekwisha kuufungua mlango. Ni aibu wazazi wakiufunga tena nyumbani.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito. Atasema: hatuna mtaji, hatuna mwalimu, hatuna soko. Hapa sitajifanya sioni. Kusoma Birmingham si jambo la kila mtoto, na njia ya mbuni niliyemtaja haiwezi kuwa ya wote. Lakini mafundi wa Kibera huyeyusha makufuli na mifereji mikuukuu wakapata shaba ya kutengenezea bangili na hereni. Hawakungoja mgodi. Na kuhusu mtaji mkubwa, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo, na yasema kuwa katika mrabaha wa madini, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, na 10 ya jamii. Basi wananchi na waulize: sehemu yetu yaweza kujenga karakana ngapi? Yaweza kumlipa mwalimu mmoja wa usonara? Sonara aliye jirani na shimo ataleta na faida nyingine. Atataka kujua dhahabu yake imesafishwaje, atadai mvuke wa zebaki unaswe kwa chombo cha kuufunika, au dhahabu ioshwe bila zebaki kabisa. Mnunuzi wa mbali hulijua tundu la mizani. Jirani huyajua mapafu ya mchimbaji.

Sasa nakugeukia wewe. Wako vijana wa rika lako walioacha daftari wakaenda mashimoni kwa sababu shimo hulipa jioni ile ile, na shule hulipa baada ya miaka. Siwacheki, njaa haicheki mtu. Lakini nakuambia kwamba shimo lina kina chake, na siku litakapokwisha halitakupa cheti wala pensheni. Mkono uliofundishwa hauishi namna hiyo. Huenda na mwenyewe popote aendapo.

Usingoje dhahabu ndipo uanze. Tafuta kipande cha waya wa shaba kilichotupwa, ukikunje. Kikikataa, kipashe moto, kiache kipoe, ukikunje tena. Utakuwa umejifunza somo la kwanza la masonara wote: madini yaliyofuliwa huwa magumu, na moto huyarudishia ulaini. Chora umbo la mlima wa Homa, au la mtumbwi, au la ukuta wa Thimlich, ulijaribu katika waya ule. Litakuwa baya. Fanya la pili.