Ng'ombe hajarogwa, ana njaa

Huku Uingereza baridi ndiyo hiyo na zamu za usiku wodini zimenibana. Leo siandiki habari za huku. Naandika habari za banda la ng'ombe, maana mwezi huu nimepigiwa simu tatu kutoka Kilimanjaro, zote na habari ile ile: ng'ombe kazaa salama, wiki ya tatu kakataa pumba, maziwa yamepungua nusu, kakonda mpaka mbavu zinahesabika. Mmoja wenu kasema ni jicho la jirani. Mwingine kaita mtu akamchoma ng'ombe antibiotiki siku nne mfululizo. Hela imekwenda, ng'ombe yuko vile vile.

Maoni yangu ni haya: ng'ombe aliyezaa karibuni akiwa katika hali hiyo, apimwe kwanza ugonjwa uitwao ketosisi. Sindano na waganga wasubiri. Mimi ni muuguzi wa watu, si daktari wa mifugo, lakini ugonjwa huu una ndugu yake wodini kwetu, ndiyo maana nathubutu kuusemea.

Kila lita ya maziwa ina karibu gramu 48 za sukari ya maziwa. Ng'ombe wa lita 20 kwa siku anamimina karibu kilo nzima ya sukari kwenye ndoo. Baada ya kuzaa maziwa hupanda haraka, ila hamu ya kula huchelewa kupanda. Akikosa chakula chenye nguvu, mwili unayeyusha mafuta yake wenyewe. Ini likizidiwa na mafuta hayo hutoa vitu viitwavyo ketoni, na ketoni zikijaa kwenye damu ng'ombe anazidi kukataa kula. Hapo ndipo anapokwama. Tumbo linaweza kujaa migomba na mabua, kumbe mwili una njaa. Mgomba ni maji matupu, wote mnajua.

Dalili zake: anaanza kukataa pumba na mashudu huku majani bado anachagua-chagua, maziwa yanashuka, anakonda haraka, kinyesi kinakuwa kikavu. Pumzi yake inaweza kunuka kitamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, ingawa wengine pua zao hazisikii kabisa harufu hiyo. Wachache huonyesha mambo ya ajabu, wanalamba-lamba ukuta au kuzunguka kama wamelewa. Hao ndio wanaosemwa wamerogwa.

Kupima si kazi kubwa. Vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo, vile vile vya wagonjwa wa kisukari, vinafaa. Chovya, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, linganisha rangi. Ikielekea zambarau iliyokolea, ketoni ni nyingi. Daktari wa mifugo mwenye mashine ndogo ya damu atapata jibu la uhakika zaidi: kuanzia milimoli 1.2 kwa lita tatizo limeanza, hata kama dalili hazijaonekana.

Pimeni na joto pia. Ketosisi peke yake kwa kawaida haileti homa. Akiwa na homa na tezi zimevimba, fikirini ndigana kali. Aliyelala hawezi kuinuka na masikio ya baridi siku moja mbili baada ya kuzaa, hiyo yaweza kuwa homa ya maziwa, na ni haraka. Tena ketosisi yenyewe huweza kuletwa na ugonjwa mwingine uliomkatisha kula, kama kizazi kuoza au kiwele kuvimba. Kwa hiyo daktari aitwe, ila aitwe kuchunguza, si kuchoma tu. Antibiotiki haitibu njaa, na maziwa yake inabidi yamwagwe mpaka siku za dawa ziishe. Hasara juu ya hasara.

Tiba ipo. Dawa ya maji iitwayo propileni glaikoli hunyweshwa kiasi cha mililita 300 mara moja kwa siku, siku 3 hadi 5. Mnyweshe taratibu, kichwa kisiinuliwe sana, isije ikaingia mapafuni. Aliyezidiwa huwekewa na daktari glukosi ya mshipani, na hiyo huisha mwilini upesi, kwa hiyo ya kunywa lazima iendelee. Kumnywesha soda au sukari ya dukani hakusaidii, vijidudu vya tumboni vinaimaliza kabla haijafika kwenye damu. Na insulini tunayompa mgonjwa wa kisukari msiikimbilie: yule sukari anayo, haiingii tu kwenye seli, ila ng'ombe sukari yenyewe hana. Wenye mbuzi na kondoo, kwao hatari ni wiki za mwisho za mimba, hasa ya mapacha.

Sasa nina neno kwa wenzetu walioko nje. Kumnunulia mama ng'ombe wa kisasa na kumpiga picha ni jambo zuri, lakini huyo ng'ombe anakula nini? Ng'ombe wa maziwa mengi akilishwa kama ng'ombe wa kienyeji, anajila mwenyewe. Mtasema pumba na mashudu ni ghali. Ni kweli. Basi afadhali mmoja aliyeshiba kuliko wawili wenye njaa. Apumzishwe kukamuliwa miezi miwili kabla ya kuzaa, asinenepeshwe kupita kiasi, maana aliyenona sana ndiye huanguka upesi, na pumba iongezwe kidogo kidogo kuelekea kuzaa. Maji yasikauke bandani.

Kwa mama zetu ng'ombe ndiye sabuni, chumvi na ada za shule. Nashauri kila kikundi cha maziwa kinunue kopo moja la vijiti, mfuniko ufungwe vizuri maana unyevu huviharibu, na kila aliyezaa apimwe mara moja kwa wiki kwa wiki sita za mwanzo. Likianza hilo, ugomvi wa majirani nao utapungua.

Nasubiri maoni yenu, hasa ya wafugaji wenyewe. Msalimieni wote.