Kwenye ndege, tusikae na kiu

Juma jana mwenzetu mmoja alitusimulia safari yake ya kwanza ya ndege: Lubumbashi, Addis Ababa, mpaka Brussels, kumsaidia binti yake aliyejifungua. Kutoka Addis peke yake ni usiku mzima. Chakula kilipopitishwa alisema hana njaa. Aliogopa kudaiwa dola, na zile 50 alizokuwa nazo zilikuwa za mjukuu. Akafika midomo imekauka, miguu imevimba hata viatu vikakataa kuingia.

Tulicheka naye, halafu tukanyamaza. Nani kati yetu angejua?

Basi tuambiane. Katika ndege nyingi za safari ndefu, chakula, maji na blanketi vimekwisha kulipwa ndani ya tikiti, hata kwa sisi wa viti vya bei ndogo kule nyuma. Tuombe maji tena na tena, kwa sababu hewa ya mule ni kavu sana. Tusimame mara kwa mara, tutembee kidogo: kukaa bila kusogeza miguu kunaweza kugandisha damu mishipani. Mwenye mimba amwulize munganga kabla ya kununua tikiti. Mwenye mtoto amnyonyeshe ndege inaposhuka, masikio yasimuume. Dawa za presha zikae katika mfuko wa mkononi. Mawese, katika mzigo mkubwa, la sivyo chupa itabaki kwa wakaguzi.

Wakati wa kurudi, binti alikuwa amemweleza yote. Mama yetu alikula mara mbili, akaomba na chai.