Bosi Asiyetaka Lawama
Kuna bosi anayesifiwa kuwa mtu wa watu: hafoki, haandiki barua ya onyo, na mzembe wa idara anamjua ila anampita kwa salamu tu. Gharama ya upole huo hailipi yeye. Analipa mhasibu wa meza ya jirani anayebaki hadi usiku kufunga hesabu za mwenzake. Wengi hudhani sheria inamfunga bosi mdomo. Sivyo. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2007 chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 zinamtaka mwajiri achunguze chanzo cha utendaji duni, amwelekeze mfanyakazi na ampe muda wa kujirekebisha kabla ya kufikiria kumwachisha. Kuambiwa ukweli, basi, ni haki ya mzembe mwenyewe. Pengine hakufundishwa kazi, pengine anauguza. Nawe uliyebebeshwa mzigo, acha kuziba pengo kimyakimya, wala usimsengenye mwenzako kwa mama ntilie. Mpelekee bosi orodha ya kazi zilizochelewa na wateja waliosubiri, kisha muulize kwa adabu: kati ya hizi na zangu, niache zipi? Hapo atalazimika kuamua, na kuamua ndiko alikokuwa akikukwepa.