Hongo Haikuwa Hongo

Kila mjadala wa rushwa unapopamba moto, hakosekani msomi wa kutuambia kwamba ugonjwa huu ni wa asili. Hongo, anasema, ilikuwepo Ugogo kabla ya mkoloni; watemi waliwatoza wapita njia, nasi tumerithi. Hoja hiyo yote imeegemea neno moja. Liondoe neno, hakibaki kitu.

Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita kwenye uwanda huu wa kati. Kabla ya kufika Ugogo ilivuka nyika kavu ya Marenga Mkali, maana yake maji makali (malenga kwa Kigogo ni maji, washairi wasubiri kidogo). Huku mvua ni za miezi michache, Desemba hadi Aprili hivi. Zikiisha, mito hubaki mchanga na watu huchimba visima humohumo. Sasa fikiria msafara wa watu mia tano unaingia mwezi wa Septemba, una kiu, unafika kwenye kisima kilichochimbwa na wengine kwa ajili ya ng'ombe wao. Wanywe kwa idhini ya nani? Mtemi alidai vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, waya. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Yalijadiliwa kutwa nzima, pengine siku kadhaa, mchana kweupe, na yakishatolewa msafara ulipata maji na njia.

Richard Burton alipita hapa mwaka 1857, na alipowaeleza Waingereza wenzake maana ya malipo hayo alitumia neno “blackmail”. Asili ya neno hilo ni malipo ambayo wakulima wa mpakani mwa Uskoti na Uingereza waliwapa majambazi ili wasiibiwe mifugo. Yaani mwenye kisima amefasiriwa kuwa jambazi! Stanley naye, mwaka 1871, alilalamika kurasa kwa kurasa. Lakini bidhaa kama hizohizo zilipoingia Unguja, Sultani alizitoza asilimia 5 kwa mikataba iliyotiwa saini na mataifa ya Magharibi, na hapo jina lilikuwa ushuru wa forodha. Heshima tupu.

Tazama lugha za Ulaya zenyewe. “Gift” kwa Mwingereza ni zawadi. Kwa Mjerumani ni sumu. Kwa Mnorwe ni sumu, na pia ni kuwa kwenye ndoa. Yote yametoka kwenye shina moja la kutoa. “Bribe”, neno wanaloandikia hongo leo, kwa Mfaransa ni kipande au makombo. Zamani lilikuwa kipande cha mkate alichopewa ombaomba. Hakuna mtu anayesimama kwenye kongamano kusema kwamba Wajerumani wana asili ya kulishana sumu kwa sababu ya neno lao (kuhusu Wanorwe na ndoa, waliooa watasema wenyewe). Ni neno letu tu linalogeuzwa kuwa ushahidi wa tabia.

Simsafishi mtemi. Ugogo ilikuwa na watawala wadogo wengi, kila mmoja na bei yake. Unalipa leo, baada ya siku mbili unalipa tena kwa mwingine. Wapo waliozuia misafara ili waongezewe nguo. Ilikuwa kodi, na kodi inaweza kuwa ya dhuluma. Lakini rushwa ni kitu kingine. Neno hilo tumelikopa kwa Waarabu likiwa na maana yake kamili, na linahitaji siri na ofisi: mtu anayelipwa mshahara anakuuzia kilichokuwa tayari haki yako. Anayekwambia “niachie ya maji” huku ameshika leseni yako hawezi kudai urithi kwa mtemi. Mtemi alitoa maji yenyewe.

Kisha wakaja Wajerumani. Waliizima hongo ya watemi, na mwaka 1897 wakatangaza kodi yao ya nyumba, ambayo ilimdai hata bibi kizee asiyewahi kunywa kwenye kisima cha mtu. Hiyo ikaitwa kodi. Neno hongo likabaki bila kazi yake ya zamani, likaishia kwenye rushwa, na siku hizi limehamia hata kwenye mapenzi: kijana akimnunulia binti simu, tunasema kamhonga. Sina ugomvi na hilo. Maneno hutembea.

Ugomvi wangu ni na wanaosoma barua ya juzi kwa kamusi ya leo. Kamusi zetu ziandike maana ya kwanza pale inapostahili, mwanzoni: ushuru wa njia. Mwalimu wa historia anayefundisha misafara afanye vivyo hivyo. Na yule msomi wetu, akipita na lori la mahindi kwenye geti la ushuru wa mazao, ajaribu kumwambia mkusanyaji kwamba anapokea hongo.