Kabla hujaandika programu nyingine ya hospitali

Hauishi mwezi bila kukutana na mwanaprogramu mwenzangu aliyetengeneza mfumo wa hospitali. Unasajili wagonjwa, unatoa risiti, una grafu za rangi. Mimi humuuliza swali moja tu: je, utaweza kusoma rekodi za hospitali iliyo ng'ambo ya barabara? Hapo mazungumzo hugeuka kuwa ya mpira.

Wasomaji wangu, mliowahi kuifanya kazi hii mnajua kwamba kuandika programu ni sehemu rahisi. Kigumu ni watu kukubaliana waandike nini, na kisha wakisome walichokiandika.

Tuchukue mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 2013 watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Wizara ya Afya, chama cha madaktari wa watoto nchini na hospitali kadhaa za kaunti walianzisha mtandao unaoitwa Clinical Information Network. Usifikirie nyaya na seva kwanza. Huu ni mtandao wa watu. Mtoto akilazwa, daktari mwanagenzi au tabibu hujaza fomu ya karatasi, ile ile katika hospitali zote: umri, uzani, homa ni ya siku ngapi, anaweza kunywa, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi? Mtoto akiruhusiwa kwenda nyumbani (au akifariki, maana wapo), karani huingiza yaliyomo kwenye kompyuta, makosa hukaguliwa, data hutumwa. Baadaye hospitali hupata ripoti yake, na madaktari wa watoto, wauguzi na watunzaji wa rekodi hukutana kuzisoma ripoti hizo pamoja.

Karatasi! Najua baadhi yenu mmeanza kucheka. Lakini hebu fikiria huo uzani peke yake. Dawa kama jentamisini hupimwa kwa kilo za mtoto. Ikizidi inaweza kudhuru figo na masikio, ikipungua haitibu. Uzani usipoandikwa, hakuna atakayeweza kusema baadaye kama mtoto yule alipewa dozi sahihi, hata umletee kompyuta ya bei gani. Daktari aliyekesha, mwenye foleni ya akina mama mlangoni, akipewa karatasi tupu ataandika mistari mitatu na kusonga mbele. Akipewa fomu yenye kisanduku cha uzani, kisanduku kitamkodolea macho. Katika hospitali za mtandao huu, uandikaji wa dalili muhimu uliboreka.

Na ripoti haitoki kwa mkaguzi aliyekuja kutafuta wa kufukuza kazi. Inasomwa kati ya wenzako. Ukiona wadi ya kaunti nyingine inapima oksijeni ya damu kwa karibu kila mtoto mwenye nimonia na yako haifanyi hivyo, utataka kujua wamefanyaje, na anayejua ameketi kando yako. Ni kweli ripoti haileti mitungi ya oksijeni wala haiajiri wauguzi. Ila ukienda kumwomba waziri wa afya wa kaunti mashine ya kupimia oksijeni, ni afadhali uende na takwimu.

Wanaprogramu nao walishawahi kuungana hivi, tena huku kwetu. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, kaunti ya Nandi, kilianza kutumia rekodi za kompyuta kupitia ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Indiana, Marekani. Wagonjwa wa UKIMWI walipoongezeka, mfumo ule mdogo ukaelemewa. Mwaka 2004 watu wa Indiana wakaungana na wale wa Partners In Health, waliokuwa na shida hiyo hiyo, wakaanza OpenMRS, programu huria ambayo yeyote anaweza kuipakua na kuirekebisha. Mwaka 2006 ikaanza kutumika Eldoret. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha kliniki mbili za huko. Palipokuwa na vikumbusho vya kompyuta, vipimo vya CD4 vilivyochelewa viliagizwa kwa asilimia 53. Pasipo na vikumbusho, asilimia 38. Vikumbusho vyenyewe vilichapishwa kwenye karatasi.

Kwa nini basi tunaendelea kuandika upya, kila mtu na lake? Kwa maoni yangu ni pesa. Mfadhili hupenda kuzindua kitu chenye nembo yake, na zabuni hulipia mfumo mpya, hailipii mwaka mzima wa mshahara wa karani. Tangu afya igatuliwe mwaka 2013 kaunti hujinunulia mifumo yake, na kandarasi ikiisha data hubaki kwenye seva ambayo hakuna mwenye nywila yake.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye mfumo wako, usiniletee grafu. Nionyeshe orodha ya unavyovirekodi kwa mtoto aliyelazwa, tuiweke kando ya ile fomu ya karatasi. Nitaanza kutafuta uzani.