Keki ya Farasi Haina Kosa

Tuanze na resipe, ndio tukigombana tujue tunagombania nini. Vikombe viwili vya oti. Kikombe kimoja cha pumba za ngano. Karoti mbili za kukwaruza, tufaha moja la kukatakata (mbegu toa), vijiko viwili vya molasi ya kushikanisha. Maji kidogo tu. Finyanga vitonge, vipange kwenye sufuria ndogo, itie ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, funika, makaa chini na juu. Hivyo ndivyo mamangu huoka keki pale Ngando, na hivyo ndivyo nilivyooka biskuti za bathdei ya farasi mwezi uliopita. Zilipopoa nikaonja moja. Si mbaya. Inataka chai.

Nikapiga picha, nikaweka kwenye simu. Dakika kumi hazijaisha, wasee wameshanifikia. Ati watu wanalala njaa na mimi naokea farasi. Ati nimekuwa mzungu. Mmoja akaniuliza kama niliacha chuo ili nije kuwa mpishi wa wanyama. (Niliacha kwa sababu ya karo, mwaka wa pili. Asante kwa kuuliza.)

Sasa skiza. Viungo vyote havikufika shilingi 500. Wewe uliyeniandikia kuhusu njaa ulikuwa umeposti baga wiki hiyo hiyo, na hiyo baga haikulisha mtu Turkana. Mwenye njaa hakukutuma. Njaa ya mtu mwingine si fimbo ya kuokota kila unapotaka kumchapa mtu aliyekukasirisha. Kama una hasira na Karen, na sababu zipo, basi lenga vizuri. Farasi hana hati ya shamba. Hajui hata kwamba leo ni siku yake.

Mimi pia nina hasira, ila yangu ina anwani. Mjomba wangu ni saisi. Miaka 19 amekuwa akitoka Ngando kabla jua halijachomoza, akipita uzio wa uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kwenda Karen kuchambua kwato na kubeba samadi. Anamlea farasi mmoja jike, mzee kidogo, wa rangi ya kahawia, ambaye ana jina refu la Kizungu kwenye karatasi. Mjomba humuita Shangazi, kwa sababu anapenda kuheshimiwa na hapendi kuharakishwa.

Mwaka jana Shangazi alifanyiwa pati. Baluni, watoto, mpiga picha, keki ya kununuliwa ya ghorofa mbili yenye krimu na chokoleti. Mjomba alisema, kwa ile sauti ya chini ya mtu anayejali kazi yake, kwamba farasi hali hivyo vitu. Akaambiwa asiharibu siku ya watoto. Watoto wakamlisha keki kwa mikono, na kilichobaki wakakiacha kwenye ndoo ya chakula.

Nikueleze jambo ambalo mjomba alijua na mwenye keki hakujua. Farasi hatapiki. Mlango wa tumbo lake unafunguka upande mmoja tu. Kikiingia kibaya, hakuna kurudi. Tumbo lenyewe ni dogo kwa mnyama wa karibu kilo 500, limeumbwa kwa nyasi za kutafunwa polepole mchana na usiku. Unga na sukari nyingi kwa mpigo vinaweza kumletea msokoto wa tumbo, au kumharibu kwato hadi ashindwe kusimama. Chokoleti ina kemikali ambayo ni sumu kwake, na farasi wa mbio akipatikana nayo mwilini anaweza kufutwa kwenye matokeo. Hata karoti ina adabu yake: unaikata kwa urefu, kwa sababu kipande cha duara kinaweza kumkwama kooni.

Usiku ule Shangazi alianza kujitazama ubavuni, akakwaruza chini, akataka kulala na kubingirika. Mjomba alimuita daktari wa mifugo, kisha akatembea naye polepole gizani hadi asubuhi. Farasi akapona. Mwisho wa mwezi mjomba akakuta mshahara umekatwa, kwa sababu ndoo ya chakula ni jukumu la saisi.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Farasi kusherehekewa ni sawa, na kama humpendi mnyama uliyemfungia kwenye banda, kwa nini umfuge? Lakini ile keki haikuwa ya Shangazi. Ilikuwa ya kamera. Na aliyejua Shangazi anapenda nini, anayejua hata sikio gani halitaki kuguswa, alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, ameshika kamba, hakuna aliyemuuliza. Ujuzi wake unatumika kila siku, ila siku ya kuhesabu makosa ndiyo anakumbukwa jina.

Wengi wetu tunaijua hii kazi ya kushika kamba. Mimi naandika makala ambayo jina la mwingine ndilo huwekwa juu. Wewe labda unashika simu za wateja usiku na kuomba msamaha kwa kosa la kampuni. Kwa hivyo usinicheke sana kwa biskuti.

Mwaka huu mjomba alikataa kungoja pati. Alimwambia Madam kwamba chakula cha bathdei kitatoka kwake, la sivyo atafute mtu mwingine wa kutembea usiku. Miaka 19, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilisikia amempa mtu masharti. Madam alikubali. Pesa iliyokatwa hajairudisha, na sitaacha kuitaja. Shangazi alikula vitonge vitatu, kimoja kimoja, kwenye kiganja kilichonyooshwa. Vingine vikawekwa vya siku zijazo, maana hata kitamu kizuri kina kipimo.

Kuna kitu kingine. Farasi wote wa mbio wa Uingereza huhesabiwa wameongeza mwaka 1 Januari, hata aliyezaliwa Aprili. Kitambulisho cha mjomba pia kinasema 1 Januari. Nyanya anakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yanapaliliwa. Ilipotakiwa tarehe, ikaandikwa hiyo. Na kila 1 Januari mjomba huwa kazini, kwa sababu farasi hawajui Mwaka Mpya na lazima wale.

Nilimuuliza mwaka ujao nimwokee nini. Akafikiria kidogo, akaangalia miguu yake.

“Gambuti,” akasema. “Namba tisa.”